Kisichochorwa Hakipo

Sitaanza na mahali alikozaliwa Mwenyekiti. Kila aliyewahi kunitajia mahali hapo alitaja kwingine, na nilipomuuliza mwenyewe alinijibu kwamba alizaliwa ameshika rula, kama siamini nikaulize wakunga. Nitaanza na kiatu.

Kilikuwa kiatu cha kasi. Katika gemu za video shujaa akikivaa hukimbia hadi maadui wanabaki wakilaumiana. Mwenyekiti alikuwa ametuchorea kwenye kipande cha manila, kwa wino mweusi, kwa namna yake: kwa mbele, kwa ubavu, kisha kama kimepasuliwa katikati mfano wa parachichi, hadi ungeweza kuona tabaka za soli na uzi uliozishona. Tulikuwa tumeketi kwenye meza yake ya kulia chakula kule mtaa wa Woodley, tukicheza mchezo wetu wa kusimulia kwa dadu. Achieng', ambaye mhusika wake ndiye aliyepata kiatu hicho, alisimama akatangaza kwamba anavuka kinamasi cha mamba kwa mbio.

"Kwa kiatu kimoja?" akauliza Mwenyekiti bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake.

"Ni viatu, Mwenyekiti. Ni pea."

"Nimechora kimoja."

"Lakini kila mtu anajua viatu ni viwili!"

"Kila mtu hakuchora. Nimechora mimi."

Achieng' akavuka kinamasi cha mamba akirukaruka kwa mguu mmoja. Kila mruko alirusha dadu, na kila dadu ilipotua tulipiga mayowe kama watu walioona nyoka bafuni. Alifika ng'ambo mzima. Kevo, msimulizi wetu, alisema mamba walimwangalia wakasahau kula.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya nyumba ile, na Mwenyekiti aliitamka kama watu wengine wanavyosema amina: kisichochorwa hakipo. Kama chupa ya dawa haikuchorwa kizibo, dawa imemwagika. Kama upanga haukuchorwa ala, unautembeza uchi na utajikata. Alikuwa amefanya kazi ya kuchora ramani za mifereji ya maji machafu mpaka akastaafu, na nadhani mtu akishachora mifereji ya jiji hili kwa miaka mingi hujifunza kwamba bomba lililosahauliwa kwenye karatasi hulipiza kisasi barabarani.

Tulimwita Mwenyekiti kwa sababu aliongoza chama cha wakazi wa mtaa wake, kazi aliyodai kuichukia na ambayo hakuna aliyethubutu kumpokonya. Na ni uenyekiti huo uliotukutanisha. Karibu na kwake palikuwa na duka la gemu, chumba kimoja chenye televisheni mbili na viti vya plastiki, na siku hiyo alikuja kulalamikia kelele. Kelele zilikuwa zetu. Kevo, fundi wa simu mjini ambaye tulisoma naye shule ya msingi, alikuwa ametumia alasiri nzima kufika kwenye pango la mwisho. Achieng', msusi katika saluni moja ya Ngong Road, alikuwa akimpigia makofi mgongoni. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nilikuwa na shahada ya falsafa, naishi kwa wazazi kule Waithaka, na kazi yangu pekee ilikuwa kuuliza kwa nini pango lile lina mienge inayowaka ilhali hakuna mtu aliyeingia humo kwa miaka elfu.

Ndipo stima ikapotea, televisheni zote mbili zikazimika.

Tulilia. Kevo alikilalia kile kidude cha kuchezea kama mjane. Mwanga uliporudishwa na tochi ya simu, tukamwona mama mmoja mwembamba amesimama mlangoni na mwavuli.

"Kwani mmefiwa?"

"Nimepoteza kila kitu," akasema Kevo. "Upanga wa moto. Dawa. Kamba. Sikuwa nime-save."

"Vilikuwa namna gani?"

"Vitu gani?"

"Hivyo vitu vyako. Huo upanga. Mpini wake ulikuwa na urefu gani?"

Kevo akaanza kueleza kwa mikono. Mwenyekiti akavuta kiti, akachomoa penseli kwenye nywele zake, akageuza barua ya malalamiko aliyokuja nayo na kuanza kuchora nyuma yake. Alituuliza maswali ambayo hatukuwahi kujiuliza. Moto unatoka upande gani? Shujaa haungui? Anauzima vipi akitaka kulala? Alipomaliza tuliuona upanga ule vizuri kuliko tulivyowahi kuuona kwenye kioo cha televisheni. "Haya," akasema, "sasa mnao. Endeleeni." Kevo akasita, kisha akatazama giza la chumba na kusema kwa sauti nzito, "Mbele yenu kuna pango. Mnafanya nini?"

Stima iliporudi hakuna aliyeinuka. Barua ile ya malalamiko haikumfikia mwenye duka, maana nyuma yake kulikuwa na upanga wa moto na Kevo alikataa kuuachilia.

Toka hapo tulikuwa kwake kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mchezo wenyewe ni rahisi: msimulizi anaeleza mlipo, kila mmoja anasema mhusika wake anafanya nini, dadu inaamua kama mambo yatakwenda sawa. Wengine hucheza na vitabu vinene vya sheria. Sisi tulikuwa na Mwenyekiti. Azma yake, aliyoitangaza siku ya pili akiwa anamimina chai, ilikuwa kuchora kila kifaa tulichowahi kukutana nacho katika gemu yoyote ya video, mpaka tusiwe na haja ya stima tena.

Hakukubali kuangalia picha. Ukimletea simu umwonyeshe ngao fulani, aliisukuma pembeni. "Niambie," alisema. Tukamwambia, na alichokichora kilitoka kwenye maelezo yetu na kwenye maisha yake, vikachanganyika. Kwa hiyo masanduku yetu ya hazina yalikuwa yale masanduku ya bati ya shule ya bweni, yenye jina la mwanafunzi lililoandikwa kwa rangi nyeupe na kona iliyobonyea. Ngao yetu ya kwanza ilikuwa kifuniko cha sufuria ya harusi. Dawa ya kurudisha uhai ilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi, na kwenye kibandiko aliandika kwa herufi ndogo sana: tikisa kabla ya kutumia. Kevo alikunywa bila kusema ametikisa. Alipona upande wa kushoto tu.

Nilipigana naye kuhusu mkoba. Katika gemu shujaa hubeba mapanga tisini, farasi wa akiba na ngazi, na haonekani kuchoka. Mwenyekiti alichora kiondo cha mkonge, akaweka vipimo, akasema kinachoingia kimeingia.

"Lakini ni mkoba wa uchawi," nikasema.

"Uchawi nao una kipimo."

"Nani kasema? Ukishakubali uchawi, kwa nini ukatae ukubwa? Huwezi kumeza ng'ombe halafu ukwame kwenye mkia."

Alifunika kalamu yake. "Wewe jina lako nani tena?"

Nilimwambia.

"Hapana," akasema. "Wewe ni Kwanini."

Na nikawa Kwanini mpaka leo. Lakini Jumamosi iliyofuata kiondo kilikuwa na mfuko wa ndani, mdogo, uliochorwa kwa mistari ya nukta. Chini yake alikuwa ameandika: humu hakuna kipimo, kwa ajili ya Kwanini. Nilifurahi hadi nikakosa la kupinga, hali ambayo Achieng' alisema iwekwe kwenye kalenda.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya pili, na hakukosa ibada. Hata hivyo mashetani wake walikuwa wa kupendeza. Aliwachora kwa upole, wakiwa na kucha safi. Malaika alikataa. Kevo alihitaji bawa moja la malaika kwa ajili ya kisa fulani akambembeleza wiki nzima.

"Siwezi. Sijawahi kumwona malaika."

"Na shetani umemwona?" nikadakia.

"Msichana, nimefanya kazi ofisini."

Alidai kuchukia gemu za video. Ni sumu ya macho, alisema. Lakini mwenye duka alituhadithia kwamba asubuhi moja, sisi tukiwa kazini au tukitafuta kazi, Mwenyekiti aliingia, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuomba aonyeshwe namna ya kumgeuza shujaa. Hakutaka kupigana. Alitaka kuona upanga kwa nyuma. Akawa anamzungusha shujaa wa watu polepole, akimkaripia atulie, huku majambazi wakimkata vipande. Alikufa, akafufuliwa, akazungushwa tena. Nilipomuuliza Mwenyekiti kama ni kweli alisema mwenye duka ana deni la shukrani kwake na haaminiki.

Safari za mjini ndizo nilizozipenda zaidi. Alinichukua nimbebee karatasi, ile nyembamba inayoonyesha upande wa pili, na wino wake ambao aliununua katika duka moja la ghorofani ambako muuzaji alimwogopa kwa sababu alijaribu kila kalamu na kutoa hukumu. Lakini siku moja alisimama ghafla mbele ya duka la vifaa vya ujenzi upande wa River Road, watu wakitupita pande zote kama maji, akaingia.

"Nataka kuona bawaba."

"Ya mlango gani, mathe?" Kijana wa kaunta alikuwa anatafuna muwa.

"Si mlango. Ni sanduku la joka."

Nilitamani ardhi inimeze. Kijana akatafuna, akafikiri.

"Joka linakaa ndani ama linakaa juu?"

"Juu. Linalalia."

"Basi usinunue hii nyepesi, itapinda. Chukua ya geti." Akaileta, akaiweka kaunta kwa heshima. "Na joka likiwa kubwa weka tatu."

Mwenyekiti aliipima kwa rula yake, akamshukuru, hakununua. Barabarani nikamuuliza kwa nini hakueleza ni mchezo. "Aliniuliza swali la maana," akasema. "Angekuwa mjinga angeuliza kama joka lipo."

Nilijua ananisema mimi. Nilimfuata na karatasi zake hadi Kenyatta Avenue.

Jambo ambalo hakuwahi kulifanya ni kucheza. Alichora, alimimina chai, alitoa hukumu, alishangilia kuliko sote, lakini hakurusha dadu hata mara moja. Nilimuuliza mara nyingi na nikapata majibu mengi. Mchoraji akicheza atajipendelea. Dadu zina vijidudu. Mtu wa kanisa hatupi dadu. Nikamkumbusha kwamba mitume walipiga kura kumpata mwenzao, akasema mitume hawakuwa wenyeviti. Sikuliamini jibu hata moja.

Na palikuwa na lango. Ulikuwa mchoro wake mkubwa kuliko yote, umetundikwa ukutani sebuleni mwake, lango lenye milango miwili, mawe makubwa pembeni, mbao zenye misumari ya vichwa vipana. Kila kisa cha Kevo kiliishia hapo. Tulimshinda joka, tukavuka bahari ya chumvi, tukafika mbele ya lango, na hapo tukakwama kwa sababu hatukuwa na ufunguo. Ufunguo haukuwa umechorwa. Nyuma ya lango pia hapakuwa pamechorwa, kwa hiyo hata Kevo hakujua kuna nini.

"Mwenyekiti, tuchoree ufunguo," tulimwomba kila tulipofika.

"Ufunguo wa nini?"

"Wa lango!"

"Mm," alisema, na kuuliza nani hajaongezwa chai.

Kevo aliamini hajaupata ufunguo unaomridhisha. Achieng' aliamini anaogopa kisa kikiisha hatutarudi tena, na akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye anaogopa hilo. Mimi niliandaa hoja yenye vipengele, nikaisimamia mbele ya meza, kwamba mchoraji anayeweka lango bila ufunguo anavunja ahadi na wachezaji. Alinisikiliza hadi mwisho. "Umesema vizuri sana," akasema. "Ufunguo wa nini?"

Kisha macho yake yakaanza kumwacha. Kwanza alilaumu wino, akambadilisha muuzaji. Halafu mistari ikaanza kukosa kukutana kwenye kona. Alikuwa na msemo kwa hali hiyo, alioutumia tangu zamani tulipojaribu kuchora wenyewe: mstari ukitetemeka, ufanye mto. Katika miezi ile ya mwisho kadi zake za manila zilijaa mito. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, utafanyika upasuaji, lakini asubiri. Binti yake akaja na gari akamhamishia kwake Loresho ili asikae peke yake, na meza ya Woodley ikabaki na alama za vikombe vyetu.

Hatukucheza kwa muda. Bila yeye tulijaribu mara moja kwenye kibanda cha Kevo mjini, kati ya simu zilizopasuka, lakini kila mtu alichora anachotaka na Kevo alijipa upanga mrefu kuliko jengo. Nilikuwa nimepata kazi ofisini wakati huo. Wakati wa mapumziko nilianza kuchora ufunguo. Niliuchora kwa mbele, kwa ubavu, na kama umepasuliwa. Nilichora meno, tundu la kuningʼinizia, hata kutu. Niliwaza: kama yeye hawezi tena, basi lango litabaki hivyo milele, na sitaki libaki hivyo.

Jumamosi moja tukaenda Loresho. Kevo alibeba lango, limeviringishwa kama mkeka. Binti yake alitupokea kwa adabu na wasiwasi, akatutazama umri wetu, akatazama dadu mkononi mwa Achieng'.

"Mum, wageni wako wamefika. Wale… watoto wa gemu?"

"Wana kazi zao hao," Mwenyekiti akaitikia kutoka sebuleni. "Mmoja anafufua simu, mmoja anafufua nywele. Kwanini naye anasumbua ofisi fulani. Karibuni!"

Alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa, macho yake yana ukungu, lakini mgongo ulikuwa wima kama zamani. Nikampa kadi yangu yenye ufunguo. Aliileta karibu na pua, akachukua kioo cha kukuzia, akaipitia milimita kwa milimita. Nilijisikia kama mfereji unaokaguliwa.

"Meno haya yanalingana na upande wa pili. Umepima."

"Nilipima."

"Ni mzuri sana. Wa nini?"

"Mwenyekiti! Wa lango!"

"Mm." Akauweka mapajani. Kisha akasema jambo lililotufanya tutazamane. "Leo sichori. Leo nitacheza. Kwanini atashika kalamu."

Kevo alikaa chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege. "Utakuwa nani? Shujaa, mchawi, ama mwizi?"

"Mwizi."

"Mwenyekiti!" Achieng' akapiga kelele.

"Nimekuwa mwaminifu muda mrefu. Nimechoka. Niko wapi?"

"Uko mbele ya lango," akasema Kevo. "Unataka kuvunja kufuli?"

"Siwezi kuliona vizuri lango lenyewe. Kwanini, nisomee."

Tulilikunjua mezani, tukaliwekea vikombe kwenye kona lisijikunje. Nikaanza kusoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kama alivyotufundisha. "Milango miwili. Mbao za kusimama. Misumari ya vichwa vipana."

"Bawaba?"

"Tatu kila upande. Zile za geti."

"Kijana yule alijua kazi. Endelea. Mpini?"

"Pete mbili za chuma, moja kila mlango."

"Komeo?"

Nikatafuta. "Hakuna."

"Mnyororo?"

"Hakuna."

"Tundu la ufunguo?"

Nilipitisha kidole kati ya milango miwili, kutoka juu hadi chini. Kisha kutoka chini hadi juu. Kevo alikuwa ameinama juu ya mchoro hadi paji lake likagusa karatasi. Miaka yote ile lango lilikuwa ukutani mbele yetu. Katika kila gemu tuliyowahi kucheza lango hufungwa, kwa hiyo hatukuwahi kuliangalia hili. Tuliliona tu tukaanza kudai ufunguo.

"Kufuli?" akauliza Mwenyekiti kwa upole.

"Hakuna kufuli," nikasema.

"Basi nasukuma."

Achieng' alitoa ukelele uliomleta binti mbio na kitambaa cha vyombo, akidhani mama ameanguka. Kevo alikuwa anapiga meza kwa viganja viwili. "Linafunguka!" alikuwa akisema. "Linafunguka, hakuna hata dadu, linafunguka tu!" Mwenyekiti alicheka hadi machozi yakamtoka kwenye macho yake mabovu, na binti yake akabaki mlangoni anatutazama, na polepole naye akaanza kucheka bila kujua kwa nini.

"Ulisahau kulichora," nikamwambia. "Kubali. Ulisahau kufuli, ukaona aibu."

"Mimi nisahau kufuli? Wewe unayeuliza hata kwa nini chai ni moto, na hili hukuuliza?"

"Hilo si jibu."

"Nilikuuliza kila Jumamosi ufunguo ni wa nini. Ulinijibu nini?"

Akaendelea kucheka, na mpaka leo nashikilia kwamba alicheka kidogo kupita kiasi kwa mtu asiye na cha kuficha. Sina ushahidi.

Alipotulia aliinyoosha shali yake na kuokota dadu moja, akaiviringisha kati ya vidole kuijua pembe zake. "Haya. Nimeingia. Kuna nini humu?"

Kevo akanigeukia. Achieng' akanigeukia. Hata binti, kitambaa mkononi, akanigeukia. Nilikuwa na karatasi nyeupe tupu, na kanuni niliijua: mpaka nichore, mama yule alikuwa amesimama mahali pasipokuwepo. Nikafungua kalamu yake, nikaweka ncha kwenye karatasi na kuvuta mstari. Ulitetemeka tangu mwanzo. Sikuinua mkono. Niliupeleka hadi ukingo wa pili wa karatasi, na ukingoni nikaona hakuna njia nyingine.

"Ni mto," nikasema.

"Upana gani?" akauliza Mwenyekiti, dadu tayari imo kwenye ngumi yake.

Achieng' akashika kichwa. Alikuwa bado na kiatu kimoja.